Pango la Nyaya

SEHEMU YA KWANZA

Mwenye moteli hujua jambo moja kwa uchungu: chumba kilicholala bila mgeni usiku wa leo hakiuziki tena kesho. Kesho kuna usiku mwingine, lakini ule wa jana umekwenda na pesa yake.

Bernard Ebbers alilijua hilo vizuri. Alizaliwa Edmonton, Kanada, mwaka 1941. Ujanani aligawa maziwa nyumba kwa nyumba na kulinda mlango wa baa, kisha mpira wa kikapu ukamvusha mpaka kusini mwa Marekani, kwenye chuo kidogo cha Kibaptisti katika mji wa Clinton, jimbo la Mississippi. Alisomea elimu ya viungo, akafundisha, akanoa timu ya shule. Mwaka 1974 akanunua moteli yake ya kwanza katika mji wa Columbia, jimbo hilohilo, na moja ikazaa nyingine. Alikuwa pande la mtu, urefu unakaribia mita mbili, ndevu, buti za wachunga ng'ombe mguuni, na Jumapili akifundisha Biblia kanisani.

Mwaka 1983, katika mkahawa mmoja wa mji wa Hattiesburg, marafiki kadhaa walikaa wakachora biashara juu ya tishu ya mezani. Jina la kampuni, wanavyosimulia wenyewe, alilitoa mhudumu aliyekuwa akiwahudumia kahawa: Long Distance Discount Services. Kwa kifupi, LDDS: simu za mbali kwa bei ya kutupa. Ebbers akatia pesa zake humo.

Msomaji, ili twende pamoja lazima ujue Marekani ilikuwaje wakati huo. Kwa miongo mingi simu ya nchi nzima ilikuwa mali ya jitu moja, AT&T. Kisha serikali ikalishitaki na jitu likapasuliwa vipande. Mpasuko ulianza kazi Januari 1, 1984. Kampuni ndogo zikapata upenyo wa kukodi nyaya za wakubwa kwa bei ya jumla na kuuza dakika kwa rejareja. Hazikuchimba mtaro wala kusimamisha nguzo. Ni kama mama wa gengeni anayenunua mchele kwa gunia na kuupima kwa kibaba. Akipata gunia rahisi, anakula. Gunia likipanda, kibaba kinamtafuna.

Kiswahili chetu kina neno pango, lenye milango miwili. Kwanza ni kodi anayolipa mpangaji. Pili ni shimo la mwambani, ambamo mtu anaweza kuficha kitu. Simulizi hii inaingilia mlango wa kwanza.

LDDS ilianza vibaya, imejaa madeni, na mwaka 1985 wenzake wakamkabidhi Ebbers usukani. Hakujua lolote kuhusu mitambo ya simu na wala hakujifanya anajua. Alichojua ni kubana matumizi na kununua. Alimnunua jirani, kisha jirani wa jirani. Kadiri ulivyobeba dakika nyingi ndivyo ulivyokodi kwa bei nafuu, kwa hiyo ukubwa wenyewe ulikuwa bidhaa. Mwaka 1989 hisa zikaingia sokoni, na kuanzia hapo mara nyingi hakuhitaji hata fedha taslimu: alinunua kampuni za watu kwa karatasi za hisa zake, zilizokuwa zikipanda. Kwa jumla alimeza zaidi ya kampuni 60. Mwaka 1995 jina likabadilika kuwa WorldCom. Mwaka 1996 ikanyakuliwa kampuni ya MFS, na ndani yake UUNet, moja ya njia kuu za intaneti duniani.

Hapo ndipo ulipozuka uvumi uliogharimu mabilioni. Kutoka UUNet zilivuma habari kwamba matumizi ya intaneti yanaongezeka maradufu kila siku 100. Ukweli ulikuwa karibu maradufu kwa mwaka, nako kulikuwa kukua kwa kutisha, ila si kwa siku 100. Wenye pesa hawakuuliza. Mikongo ikafukiwa ardhini kila kona ya Marekani, na WorldCom ikasaini mikataba ya miaka mingi ya kukodi njia za wengine, kwa masharti ambayo mpangaji yeyote angeyasoma mara mbili: uitumie njia au usiitumie, utalipa.

Oktoba 1997 Ebbers akafanya lililowaacha watu midomo wazi. MCI, kampuni ya pili ya simu za mbali Marekani, ilikuwa tayari imeposwa na British Telecom ya Uingereza. WorldCom, ndogo kuliko bibi harusi mwenyewe, ikaingia na mahari kubwa zaidi. Mwezi uliofuata MCI ikakubali, kwa dola bilioni 37. Harusi ilifungwa rasmi Septemba 1998. Makao makuu yakawa palepale Clinton, mji wa chuo chake, na wenyeji walionunua hisa mapema wakawa mamilionea wa kimya kimya.

Juni 1999 hisa moja ya WorldCom ilifika dola 64.50. Ebbers alihesabiwa kuwa na utajiri wa dola bilioni 1.4. Alikuwa amenunua Douglas Lake, ranchi iliyotajwa kuwa kubwa kuliko zote Kanada, pamoja na misitu ya mbao na boti ya kifahari. Vingi alivinunua kwa mikopo ya benki, na dhamana ilikuwa hisa zake za WorldCom.

Oktoba mwaka huo akatangaza anainunua Sprint, kampuni nyingine ya simu za mbali. Ingekuwa ndoa kubwa kuliko zote zilizowahi kutangazwa hadi siku ile. Lakini safari hii wazee wa pande zote mbili za bahari walikataa: Wizara ya Sheria ya Marekani ilikwenda mahakamani Juni 2000, na Umoja wa Ulaya ukafunga mlango wiki hiyohiyo. Julai ndoa ikavunjika.

Kampuni iliyoishi kwa kumeza ikakosa cha kumeza. Wakati huohuo vijikampuni vya intaneti vilivyokuwa wateja wake vilikuwa vinakufa kimoja kimoja, na mikongo iliyofukiwa kwa uvumi ilikuwa mingi kiasi kwamba bei ya dakika iliporomoka. Hisa zikaanza kushuka. Benki zikampigia Ebbers simu: dhamana yako imepungua, ongeza au uza. Angeuza hisa zake, soko lingejua kwamba nahodha anashuka melini. Kuanzia Septemba 2000 bodi ikaanza kumkopesha fedha za kampuni, na kabla hajaondoka mikopo na dhamana alizopewa zilipita dola milioni 400, kwa riba ya asilimia 2 na kidogo.

Lakini kulikuwa na ankara nyingine, kubwa kuliko za Ebbers. Oktoba 2000, vitabu vya robo ya tatu ya mwaka vilikuwa vinafungwa. Pango la nyaya lilikuwa limekuja, na halikuwa limeshuka hata senti. Mkurugenzi wa fedha, Scott Sullivan, alilitazama. Kisha agizo likateremka hadi kwa wahasibu: ipunguzeni gharama hii. Kiasi kilikuwa dola milioni 828.

Je, wahasibu watakubali? ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.


SEHEMU YA PILI

ILIPOISHIA: WorldCom imenyimwa Sprint, hisa zinashuka, na Scott Sullivan ameagiza dola milioni 828 za pango la nyaya zipotee vitabuni. SASA ENDELEA…

Sullivan hakuwa mhuni wa mtaani. Mwaka 1998 jarida la wakurugenzi wa fedha lilimtunuku kwa umahiri wake, akiwa bado hajafikisha miaka 40. Wall Street walimsikiliza kuliko walivyomsikiliza Ebbers, maana Ebbers aliimba na Sullivan ndiye aliyepiga ngoma. Wimbo ulikuwa mmoja: katika kila dola inayoingia, pango la nyaya halizidi senti 42. Wachambuzi wa soko waliungoja wimbo huo kila robo mwaka. Sasa senti halisi zilikuwa zimepita 50.

Kulikuwa na vifungu vya akiba vitabuni, fedha zilizotengwa kwa ajili ya ankara zitakazokuja. Agizo lilikuwa kuzichota akiba hizo na kuzifunika nazo gharama. Mhasibu mmoja, mama mwenye familia iliyotegemea mshahara wake, alishtuka. Alifanya alichoagizwa, kisha usingizi ukamkimbia. Yeye na mwenzake wakaandika barua za kuacha kazi.

Sullivan akawaita. Aliwaeleza, kama walivyokuja kusimulia baadaye, kwa mfano wa meli ya kubebea ndege za kivita: ndege zimesharuka, ziko angani, waache azitue kwanza, baada ya hapo anayetaka kushuka atashuka. Hawakuvunja sheria yoyote, akawahakikishia; na kama kuna lawama, itakuwa yake. Barua hazikupelekwa popote.

Ndege hazikutua. Robo ya kwanza ya 2001 ilipofungwa, akiba zilikuwa zimekwanguliwa hadi chini ya sufuria na pango la nyaya lilikuwa palepale. Sasa ilitakiwa mbinu mpya.

Tusimame kidogo hapa, maana mbinu yenyewe ni nyepesi mno na watu hupenda kuifanya ngumu. Chukua mpangaji wa Tandika anayelipa shilingi laki moja kila mwezi. Mwisho wa mwaka amelipa milioni moja na laki mbili, nazo zimekwenda, amezilalia. Sasa mwambie aandike mali zake, naye aandike: nina kipande cha nyumba chenye thamani ya milioni moja na laki mbili. Mwenye nyumba akisikia atacheka. Hicho ndicho kilichofanyika Clinton. Pango la nyaya za watu, lililokwisha kulipwa na kuliwa, lilihamishwa kutoka safu ya matumizi hadi safu ya mali, kana kwamba WorldCom imejenga mitambo yake yenyewe. Matumizi hupunguza faida mara moja. Mali huliwa polepole, kidogo kila mwaka. Kwa kalamu hiyo tu, hasara ikageuka faida.

Robo ya kwanza ya 2001 zilihamishwa dola milioni 771, na robo zilizofuata hivyohivyo. Kwa mwaka mzima wa 2001 zilifika dola bilioni tatu na zaidi kidogo. Wakaguzi wa nje, Arthur Andersen, walipita wakatia sahihi. Ndio haohao waliokagua Enron, kampuni ya nishati iliyoanguka kwa kashfa ya vitabu vyake, na baada ya Enron nao walikuwa na moto wao wa kuzima.

Wakati huo ofisini Ebbers alikuwa anafuta kahawa ya bure ya wafanyakazi, kubana matumizi.

Sasa anaingia Cynthia Cooper. Msichana wa Clinton, amekulia hapohapo, mkuu wa ukaguzi wa ndani. Kitengo chake kilikuwa kidogo na kazi yake kubwa ilikuwa kuangalia kama idara zinafanya kazi kwa ufanisi. Vitabu vikuu vilikuwa vya Andersen. Na bosi wake alikuwa Scott Sullivan.

Machi 2002 mkuu wa kitengo cha simu za mkononi alimjia amekasirika. Alikuwa ametenga dola milioni 400 kwa ajili ya wateja wasiolipa, na makao makuu wamezichukua kupandisha faida. Cooper aliwauliza Andersen, wakamjibu kwa mkato. Alilipeleka jambo kwenye kamati ya ukaguzi ya bodi, na Sullivan akalazimika kurudi nyuma. Kesho yake simu ya Cooper iliita akiwa saluni anatengeneza nywele. Alikuwa Sullivan. Kwa maneno makali alimwonya asirudie kujiingiza katika mambo yale.

Mwingine angeishia hapo, mimi mmojawapo. Bosi amenikuta mpaka saluni! Lakini mwezi huohuo wakala wa serikali anayesimamia masoko ya hisa aliiandikia WorldCom kutaka nyaraka, na mwisho wa Aprili Ebbers mwenyewe akang'olewa na bodi. Cooper akaona kiti cha juu kimetikisika kwa sababu ambazo hakuna aliyezieleza. Akawaambia vijana wake kimya kimya: tukague matumizi ya mtaji.

Walipouliza juu ya tarakimu zilizokuwa haziendani, walipata jibu la msamiati waliokuwa hawajawahi kuusikia, jina la kifungu kipya ambalo kila mmoja alilitamka na hakuna aliyeweza kulieleza. Aliyeulizwa alisema muulize fulani, fulani naye akasema muulize mkubwa.

Mmoja wa wakaguzi, fundi wa kompyuta, aliipata njia ya kuingia kwenye mfumo wa leja na kufuatilia kila ingizo mpaka lilikotoka. Lakini akichota maelfu kwa maelfu ya maingizo mchana, mitambo ililemewa na watu wa hesabu wangehisi. Kwa hiyo alichota usiku. Alihamia kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, akawa ananakili kila anachokipata kwenye CD, maana waliogopa kwamba siku yoyote ushahidi ungefutwa.

Akakikuta. Dola milioni 500, zimeingizwa vitabuni kama mali. Hakuna ankara wala karatasi ya ununuzi, hakuna hata mtambo mmoja unaoweza kuuonyesha kwa kidole. Wakafuata nyayo zake, zikajitokeza nyingine, na nyingine. Wiki ya kwanza ya Juni walikuwa wamefika dola bilioni mbili.

Juni 11, Sullivan akamwita Cooper ofisini. Alitaka kujua wanakagua nini. Kisha akamwomba, kwa upole safari hii: ukaguzi huo uahirishwe mpaka robo ya tatu.

Cooper alitoka mle ofisini akiwa na jambo la kuamua. ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO.


SEHEMU YA TATU NA YA MWISHO

ILIPOISHIA: Wakaguzi wa ndani wamekuta dola bilioni mbili zisizo na karatasi. Sullivan ametaka ukaguzi usogezwe mbele. SASA ENDELEA…

Juni 12 Cooper alimruka bosi wake. Alimwendea mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi ya bodi. Wakaguzi wapya wa nje, KPMG, waliochukua nafasi ya Andersen, nao wakajulishwa. Siku tatu baadaye, huko Houston, baraza la mahakama liliitia hatiani Andersen kwa kesi ya Enron. Hukumu hiyo ilikuja kutenguliwa na Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 2005, wakati kampuni yenyewe ilishakuwa jina tu.

Jumatatu ya Juni 17 Cooper na msaidizi wake walikwenda kwa miguu yao, meza hadi meza. Walianza kwa yule mama mhasibu wa zile barua. Ushahidi wa maingizo haya uko wapi? Hakuna. Nani aliagiza? Wakubwa. Meza iliyofuata jibu lilikuwa la kukwepa. Ya mwisho ilikuwa ya David Myers, msimamizi mkuu wa hesabu, na Myers hakuzunguka. Alikiri kwamba maingizo yale hayana msingi wowote, kwamba hakuyapenda tangu siku ya kwanza, na kwamba ukishalifanya mara moja unashindwa kuliacha. Nafikiri hakuna aliyeyaeleza mambo haya vizuri kumzidi.

Juni 20, Washington. Kamati imekaa, KPMG wamekaa, Sullivan ameitwa ajieleze. Hoja yake ilikuwa hii: njia tulizokodi zimekaa tupu, hazina wateja bado, wateja watakuja, kwa hiyo kodi ya leo ni gharama ya mapato ya kesho, ngoja tuiandike kesho. Akapewa mwisho wa wiki kuiweka kwa maandishi.

Hoja hii ndiyo inayonirudisha Columbia, Mississippi, kwenye moteli ile ya 1974. Maana ni hoja ya chumba kilicholala tupu. Sullivan, mhasibu aliyetunukiwa, alikuwa anawaambia watu wazima kwamba usiku wa jana bado unauzika.

Hawakununua. Jioni ya Juni 25, 2002, WorldCom ikatangaza kwamba dola bilioni 3.8 za gharama zilikuwa zimeandikwa kama mali, katika robo tano mfululizo, na kwamba bila hizo kampuni ilikuwa inakula hasara. Sullivan alifukuzwa, Myers akajiuzulu. Hisa iliyowahi kuwa dola 64.50 ilikuwa tayari chini ya dola moja. Ikageuka senti za kuokota barabarani. Wafanyakazi 17,000 waliambiwa kazi hakuna. Wengi, hasa pale Clinton, walikuwa wameweka akiba ya uzeeni katika hisa za kampuni yao wenyewe.

Julai 21 kampuni ikaomba kinga ya ufilisi, ikiwa na mali za dola bilioni 107 vitabuni. Marekani ilikuwa haijaona ufilisi mkubwa namna hiyo, na haikuuona tena mpaka benki ya Lehman Brothers mwaka 2008. Uchunguzi ulipoendelea, udanganyifu wa vitabu ulivimba mpaka kufikia dola bilioni 11.

Kuna vituko vilivyofuata ambavyo gazeti halina nafasi navyo. Mbele ya kamati ya Bunge, Ebbers na Sullivan walikataa kujibu, kwa haki yao ya kikatiba. Kanisani kwake Ebbers alisimama mbele ya waumini akajitetea, akashangiliwa. Agosti 1 Sullivan na Myers walitembezwa na pingu mbele ya kamera. Jarida la Time likamweka Cooper jaladani mwishoni mwa mwaka, pamoja na wanawake wengine wawili waliofichua ya kwao. Mabaki ya kampuni yalichukua tena jina la MCI, na mwanzoni mwa 2006 yakamezwa na kampuni ya simu ya Verizon.

Lakini Ebbers je? Hakukuwa na karatasi yenye sahihi yake iliyosema hamisheni pango. Hakupenda barua pepe. Machi 2004 Sullivan alikiri kosa na kukubali kutoa ushahidi, na siku hiyohiyo Ebbers akashitakiwa. Mwanzoni mwa 2005, katika mahakama ya New York, wanaume hawa wawili waliokuwa wakila meza moja walitazamana. Sullivan alisema alimweleza bosi wake waziwazi. Ebbers akapanda kizimbani mwenyewe, jambo ambalo mawakili wengi hulizuia, na akasema kwa sauti ya kijijini kwamba yeye ni mtu wa mauzo na mpira wa kikapu, mambo ya uhasibu hayajui.

Baraza lilijifungia siku nane. Nikisoma habari za siku zile naona kwa nini walichelewa: ushahidi mkubwa ulikuwa mdomo wa mtu aliyekwisha kukiri uongo. Mimi ningekaa siku moja. Mtu aliyefuta kahawa ili kuokoa senti, aliyeishi karibu miaka 30 kwa kukodisha vyumba na kukodi nyaya, asijue kodi ni nini?

Machi 15, 2005: hatia, kwa makosa yote tisa. Julai jaji Barbara Jones akamhukumu miaka 25. Sullivan, kwa kutoa ushahidi, alipata mitano. Yule mama wa barua isiyopelekwa alipata miezi mitano gerezani na mingine mitano ya kifungo cha nyumbani.

Rufaa ilikataliwa. Septemba 26, 2006, Ebbers hakuja kuchukuliwa na askari. Aliwasha gari lake mwenyewe, Mercedes, akatoka Mississippi akaelekea magharibi hadi gereza la Oakdale, jimbo la Louisiana. Alikuwa na miaka 65. Angetoka humo Desemba 2019, mgonjwa, na kuishi wiki chache tu. Lakini asubuhi ile hayo hayakujulikana. Alifika getini, akazima injini.

MWISHO